Mhitimu Asiyevikwa Taji

Kila mwaka, Septemba na Oktoba, shule za sekondari za Mwanza huingia msimu wa sifa. Kwenye mahafali ya kidato cha nne husifiwa mgeni rasmi kwa kuacha majukumu yake mengi, husifiwa mkuu wa shule kwa uvumilivu, husifiwa bodi, wazazi, wapishi, hata mlinzi wa getini. Wahitimu wenyewe nao husifiwa, ingawa mtihani bado hawajaufanya. Huo ni wa Novemba. Taji za karatasi za kumetameta hurundikwa shingoni mwao mpaka wengine wanabaki macho tu. Lakini yupo mmoja aliyetumika miaka minne bila likizo, akabeba maji, uji, nguo na siri za bweni zima, na risala ikasomwa mpaka nukta ya mwisho bila kumtaja. Huyo ni ndoo.

Kusifu kisichosifika si utovu wa adabu. Lucian wa Samosata, katika karne ya 2, aliandika sifa za nzi. Erasmus mwaka 1511 akachapisha kitabu kizima ambamo ujinga unajisifu wenyewe. Nzi hajawahi kumsaidia mtu kuoga. Kama yeye alipata msifu, ndoo ya bweni imekosea nini?

Msifu hodari huanza na ukoo. Ndoo ya plastiki ni mjukuu wa debe, lile kopo la bati lililoletwa na biashara ya mafuta ya taa enzi za ukoloni, lenye ujazo wa galoni nne, kama lita 18. Mafuta yaliisha, debe likabaki: likapima mahindi, likachota maji, likikunjuliwa likaezeka paa. Plastiki ilipofika ikarithi kazi zote isipokuwa hiyo ya paa. Ndugu wengi wa ndoo wana historia ya ajira kabla ya kuingia shule, kwani walianza maisha wakiwa wamebeba rangi ya ukuta au mafuta ya kupikia. Wengine wamebaki kwenye biashara. Pale mwalo wa Kirumba ndoo na sado ndizo mizani, na mchuuzi wa dagaa anaiamini sado yake kuliko anavyoiamini kauli ya mteja.

Sasa shule. Mtoto akichaguliwa kwenda bweni, iwe Bwiru, Nganza au Nsumba, hupewa fomu ya kujiunga yenye orodha ambayo mzazi huisoma akiwa amekaa: godoro, shuka, sare, daftari, rimu ya karatasi, jembe au fyekeo, fagio la chelewa, ndoo. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Ada ikaondoka. Ndoo haikutikisika. Mwaka huohuo nchi nzima ilihangaika na kampeni ya madawati, na katika madarasa yaliyosubiri, ndoo iliyofudikizwa ilikuwa tayari kukaliwa bila kuomba bajeti.

Baraza la Mitihani lenyewe, lililoundwa mwaka 1973, halikuweza kuwa na msimamo kama huo wa ndoo. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa ya divisheni, yakageuzwa kuwa ya wastani wa alama ulioitwa GPA, kisha mapema mwaka 2016 Waziri Joyce Ndalichako, ambaye zamani aliliongoza Baraza hilohilo, akaagiza divisheni zirudi. Waliokuwa shuleni miaka ile walijifunza kupimwa kwa njia mbili. Ndoo ilibaki lita 10 au lita 20, na hakuna waziri aliyeigusa.

Hapo ndipo msifu hufika penye ukakasi, na uungwana unadai asipakwepe. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800. Kwa maziwa ya maji baridi duniani linashika nafasi ya pili kwa eneo, nyuma ya Superior la Amerika Kaskazini. Maji yake ni kama kilomita za ujazo 2,700. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeelewa mada ya vipimo anaweza kukokotoa kwamba humo mna ndoo za lita 20 zipatazo trilioni 135. Kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, bomba la mradi uliozinduliwa mwaka 2009 hupeleka maji ya ziwa mpaka Kahama na Shinyanga, na baadaye yakafika hata Tabora. Jijini, chanzo kipya cha Butimba kimejengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Hata hivyo Mwanza ni mji wa mawe. Watu wamejenga juu ya miamba ya Bugarika, Mabatini na Igogo, na maji, tofauti na watu, hayapendi kupanda mlima bila pampu na umeme. Kwa hiyo binti wa miaka 14 anaweza kusimama penye mwamba nyuma ya nyumba yao, akaona ziwa lote mpaka visiwani, akashusha pumzi, akajitwisha ndoo. Lita 20 ni kilo 20. Ziwa ni la kutazama. Maji ya kuogea yanatoka kwenye ndoo.

Wapo watakaosema afadhali mtoto aende moja kwa moja ziwani akaoge huko. Hao hawajakaa na watafiti wa kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambako kichocho ni mgeni wa siku nyingi. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa ukingoni, huogelea kutafuta ngozi ya mtu, na visipoipata hufa. Maji yakichotwa yakaachwa yatulie siku moja hadi mbili, huwa salama kwa kuoga upande wa kichocho. Kinga hiyo haihitaji nesi. Inahitaji chombo chenye mfuniko na mtu mwenye subira, na kati ya viwili hivyo bweni huwa na kimoja tu.

Kazi nyingine ya ndoo ni ya kisiasa. Alfajiri, kabla ya mchakamchaka, penye bomba la shule huwa kuna foleni ndefu isiyo na mtu hata mmoja. Zimepangwa ndoo: nyekundu, bluu, ya kijani iliyopasuka ukingo, moja ya rangi ya ukuta ambayo bado ina jina la kiwanda. Wenyewe wamelala. Ndoo zinawawakilisha, hazisukumani, hazisengenyi, wala hazimwambii aliye mbele kwamba zilikuwepo tangu jana. Fujo huanza pale wenye ndoo wanapoamka. Nchi ingepiga kura kwa mtindo huo, vituo vingefungwa mapema na kwa amani.

Kutoka hapo siku huendelea. Uji husafiri ndani ya ndoo kutoka jikoni. Maharage pia, na kuna wakati ladha ya asubuhi huonekana tena mchana. Jioni ndoo hufua, usiku hufudikizwa ikawa kiti cha kupiga msuli, na penye giza la umeme uliokatika huwa ngoma. Mwanafunzi anayetimiza miaka 17 hudhani hakuna anayekumbuka siku yake ya kuzaliwa, mpaka anyanyukapo kitandani na kukuta maji ya baridi yanamshukia kichwani, na rafiki zake wamesimama nyuma ya ndoo wakiimba.

Ubaya wake mmoja unajulikana. Ndoo ina miguu. Unaiacha bafuni ukifuata sabuni, ukirudi imehama bweni. Ndiyo sababu kila ndoo ya shule huwa na maandishi: jina limeandikwa kwa rangi ya kucha, au limechomwa kwa msumari uliowekwa kwenye makaa, likafuatwa na jina la baba, kidato, bweni, na wakati mwingine laana. Mwizi mwerevu haogopi maandishi. Huongeza herufi. Juma huwa Jumanne kwa msumari mmoja, na kesi ikifika kwa patroni, Jumanne anaapa kwamba ndoo ni yake tangu kidato cha kwanza na mashahidi anao. Mahakama za mabweni zimesikiliza kesi za namna hii bila wakili, bila karani, na hukumu yake kwa kawaida ni kwamba wote wawili wakafyeke nyasi nyuma ya choo.

Ndoo ilipata hadhi ya kitaifa mara moja tu. Machi 17, 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Kidato cha sita wakarudi Juni 1, wengine wote Juni 29. Waliporudi walimkuta getini askari mpya: ndoo ya koki, imepandishwa juu ya meza au stendi ya chuma, sabuni pembeni, beseni chini. Hata mgeni rasmi alisimama mbele yake akakunja mikono ya shati. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyeingia ofisini kwa mkubwa kabla ya kupita kwa ndoo. Kisha koki zikaanza kuvuja, stendi zikahamishiwa stoo, na yenyewe ikarudi jikoni kubeba maharage, bila barua ya shukrani.

Juma la mwisho la kidato cha nne ndilo juma halisi la ndoo. Mitihani inakaribia kwisha, na njuka wa kidato cha kwanza, ambao mwaka mzima walikuwa wakipita mbali na mabweni ya wakubwa, ghafla wanakuwa na heshima zisizo za kawaida.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja kuniaga mimi, au umekuja kuiaga ndoo?"

Usiku wa mwisho wapo wanaopanda juu ya kitanda cha ghorofa kusoma wosia. Aina yake ni hii: godoro namwachia kunguni, maana yeye ndiye mwenye nyumba, mimi nilikuwa mpangaji, daftari za hesabu nampa mpishi awashie moto, huenda zikaeleweka jikoni, uchumba wangu wa upande wa wasichana nauacha wazi kwa ushindani wa haki, ndoo yangu namwachia aliyeniibia ile ya kwanza, ili aache dhambi. Mwalimu wa zamu husimama dirishani akijifanya hasikii, kwa sababu sehemu inayomhusu yeye bado haijafika na anataka kuisikia. Wengine huigiza mwendo wa makamu mkuu wa shule wakiwa na ndoo kichwani kwa kofia. Mapigo ya ngoma hutolewa na ndoo tatu zilizopasuka, ambazo sauti yake, kusema kweli, inazidi ya zile nzima.

Kule Kisesa, Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yanatunza ngoma za watemi kwa heshima zote. Hakuna anayependekeza ndoo iwekwe kando yake. Ingewekwa, mgeni mmoja angeisogeza aikalie.

Asubuhi ya kuondoka, mwanafunzi hurudisha vitabu na hulipia kiti alichovunja, au alichokikuta kimevunjika. Matranka hupakiwa kwenye bajaji, mashati yana saini mpaka mgongoni. Ndoo hubaki mlangoni, imeshaandikwa jina jipya juu ya la zamani.

Matokeo hutoka Januari. Kuna wanaoelekea chuo cha ufundi, kuna wanaorudi mwaloni, ambako usiku usio na mbalamwezi mitumbwi hutoka na taa kuvua dagaa, na mtu wa kwanza kuajiriwa ndani ya mtumbwi unaovuja ni anayejua kukomba maji kwa haraka. Waliochaguliwa kidato cha tano nao hupata fomu mpya katikati ya mwaka. Wanaipitia kwa kidole, wakiwa wamejivuna kidogo mbele ya mama: godoro, shuka mbili, rimu, fyekeo. Namba inayofuata inasema ndoo moja, yenye mfuniko. Mama anauliza ile ya zamani iko wapi.

"Nilimwachia njuka, mama."

"Basi kamfuate."