Barua ya Wazi kwa Meneja wa Vifurushi: Tunaomba Mirathi ya MB Zetu

Ndugu Meneja,

Nakuita ndugu kwa sababu nawe huniita hivyo kila unaponiletea msiba: "Ndugu mteja, kifurushi chako kimeisha muda wake."

Nakuandikia kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, wilayani Ludewa. Mtandao wenu huku haushuki ufukweni. Unaishia juu ya jiwe moja mlimani, na kulifikia ni jasho. Huku chini simu inanikaribisha Malawi. Basi bando la saa 24 nalinunua jiweni asubuhi, nashuka kwenye mihogo yangu, nalo linafia mfukoni halijafungua hata picha moja. Bei ni ileile ya Kariakoo. Usawa huo tunaushukuru.

Ombi langu kubwa ni hili: MB zikifa bila kutumika, tukabidhiwe marehemu. Tupeni cheti cha kifo chenye jina la kifurushi, saa ya kukata roho na idadi ya MB alizoziacha. Matanga tutayagharimia wenyewe, kulipia tusichokiona tumeshazoea. Kisha ukoo utakaa kikao, utamteua msimamizi wa mirathi, muhtasari utasainiwa na kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe, na mwenye pingamizi ajitokeze. Mke wangu ataomba fungu la kumwona mjukuu aliyezaliwa Mbeya. Kijana wangu mdogo atadai apewe yote, tutamnyamazisha. Kwa sasa marehemu wote wanarithiwa na mtu mmoja, naye ndiye aliyepanga saa yao ya kufa. Nilimuuliza shekhe mmoja wa Kyela, akanijibu bila kufungua kitabu: muuaji hamrithi aliyemuua.

Najua mtasema ningenunua jingine kabla la kwanza halijaisha. Yaani nimuokoe mgonjwa kwa kumnunulia pacha wake, awe mgonjwa wa pili.

Mengine ni madogo. Mnara ukiishiwa dizeli, semeni. Ofa za kutazama mpira mubashara msinitumie, jiweni hata "shikamoo" hugoma kwenda. Na ile bei tuliyoambiwa itashuka nyaya za baharini zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009, nadhani bado inashuka. Huenda iko Makambako inasubiri basi.

Binti wa jirani yangu alipanda jiweni usiku kujaza fomu ya mkopo wa chuo, vyeti vyake kavifunga kwenye mfuko wa plastiki. Bando likakata akiwa ukurasa wa mwisho, na pesa ya jingine hana. Tangu 2006 nchi ina sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ruzuku inatolewa ili minara ijengwe msikoona faida. Faida mnaiona vizuri sana! Mnauza kitu mnachojua hakitatumika, kisha mnakichukua tena usiku. Kwetu anayefanya hivyo kwenye ghala la mahindi hatumwiti mfanyabiashara.

Niwie radhi, ndugu Meneja. Jiwe lina utelezi.

Kikao cha ukoo ni Jumapili baada ya misa. Mwakilishi wenu anakaribishwa, wali na mbasa vitakuwepo. Asipofika, muhtasari utamwandika "hakuhudhuria, bila taarifa". Tunajua taarifa yake isingetufikia hata angeituma, lakini vigezo na masharti kuzingatiwa.

Ndimi mteja wenu mpendwa,
Mfiwa