Sarafu za Tabora na Ndimu za Shangazi

Aliyeshughulika na sarafu za kale kwa muda mrefu huingiwa na tabia ambayo majirani zake huidhania wazimu: sarafu nzima, iliyopigwa sawasawa, huipita kama asiyeiona, lakini akikutana na nyingine ambayo taji lake limepinda, au iliyopigwa upande hata nusu ya maandishi ikabaki nje, huipokea kwa furaha isiyo kifani na hulipa bila ya kupatana bei. Ila kwetu ndiyo thamani, maadamu ni ila iliyozaliwa nayo kiwandani, wala si iliyoipata baadaye katika kutangatanga kwake duniani. Na kuzipambanua ila hizi mbili ndiko kulikoniletea taabu zote nitakazozihadithia.

Sarafu ninazozipenda kupita zote ni zile za Tabora za mwaka 1916. Vita vilipopamba moto, na manowari za Waingereza zimeufunga mwambao, serikali ya Kijerumani ilijikuta haina sarafu za kutosha kulipia mahitaji yake. Ndipo mafundi wa karakana ya reli kule Lulanguru, karibu na Tabora, walipoamriwa kuzifua kwa zana walizokuwa nazo. Wakafua hela 5 na hela 20 kwa shaba ya manjano, na hela 20 nyingine kwa shaba nyekundu, wakazitia herufi T ya Tabora. Hata ilipofika Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakautwaa mji, na kazi ikafa. Kalibu zao zilichongwa hukuhuku, na zilipochakaa au kupasuka ilibidi zichongwe nyingine; na mkono wa mwanadamu, ujapokuwa hodari namna gani, hauchongi taji lilelile mara mbili.

Kwa hiyo katika hela 20 kuna taji kubwa na taji dogo. Na ukiigeuza sarafu ukazitazama zile L mbili za neno HELLER, utakuta katika kalibu moja ni L ya pili tu iliyojikunja ncha, katika nyingine ncha zote mbili zimechongoka, na katika ya tatu zote mbili zimejikunja. Wenye kuandika madaftari ya sarafu wameuita upande wa taji A na B, na upande wa thamani A, B na C, kisha wakakaa kuhojiana ni kalibu ipi iliyofunga ndoa na ipi, na kwa shaba ya namna gani, wakiziandika ndoa hizo kwa uangalifu ambao makarani wengi wa kadhi hawajaujua. Nami ni mmoja wao. Jioni, watu wa heshima wakiwa barazani na vikombe vyao vya kahawa, mimi huwa nimeinama chini ya taa, kioo cha kukuzia kiko jichoni, nachungulia mkia wa herufi.

Majirani walipopata habari kwamba nanunua makosa walifurahi mno, maana makosa wanayo. Mmoja aliniletea sarafu iliyotumika kama washa katika baiskeli, mwingine iliyopondwa kwa nyundo hata taji likawa bapa. Kila mmoja nilimweleza kanuni kwa upole: kalibu ikipata ufa, shaba huingia katika ule ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka, unaoweza kuupapasa kwa ukucha; mstari uliozama si kosa la kalibu, ni mkwaruzo tu. Mzee mmoja alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaipapasa sarafu yake, akakiri kwamba mstari umezama kweli. "Lakini, bwana," akasema, "aliyeukwaruza alikuwa Mjerumani." Nilimlipa nusu ya alichotaka, kwa ajili ya ile hoja.

Hayo yote yalikuwa madogo mbele ya kuja kwa shangazi yangu kutoka Pangani, aliyetuzuru siku za Idi. Shangazi ni mtu asiyeweza kuiona shaba nyeusi kisha akalala usingizi. Sarafu zangu nilikuwa nimeziacha juu ya sinia, kila moja na kikaratasi chake. Niliporudi kutoka sokoni nilizikuta zikimetameta, zimesuguliwa kwa ndimu na majivu, na ule weusi wa miaka mingi, ambao kwa watu wa fani hii ni sehemu ya thamani na ukishaondoka haurudi, umekwenda karoni pamoja na maji ya kusuuzia. Vile vikaratasi alivikunja vizuri, akawashia jiko.

"Ahsante, shangazi," nikasema, maana sikulelewa kusema jingine.

"Hujambo kwa uchafu, mwanangu. Na zile mbovu nimezitenga."

"Mbovu zipi?"

"Za kilemba kidogo. Fundi wake alikuwa mvivu. Nimempa yule mwombaji wa mlangoni."

Nilitoka mbio bila ya viatu. Mwombaji nilimkuta kwenye kona ya duka, naye alinirudishia zote kwa huzuni kubwa, akasema muuza duka amezikataa, na kwamba haifai kumfanyia maskini mzaha katika siku ya Idi. Nikamridhisha kwa noti. Nilipoziweka mezani na kuzikagua, nikastaajabu: shangazi, kwa macho yake matupu, alikuwa ameyabagua mataji madogo na makubwa bila ya kukosea hata moja, kazi ambayo mimi huifanya kwa kioo na mtetemo wa mkono.

"Basi ipi ndiyo ya haki?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba zote ni za haki, kwa kuwa hapakuwa na moja ya asili ambayo nyingine zimeikosea. Akanitazama kwa huruma.

Kisha akakumbuka kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa akivaa shingoni sarafu ya dhahabu yenye tembo. Moyo ulinipiga. Tabora ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15, jumla yake 16,198, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, tembo amesimama mbele ya mlima; nazo ni za namna mbili, kwani upande wa tai, ncha ya nakshi ya mkono wa kulia huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA katika baadhi, na katika nyingine chini ya A inayofuata. Nikaleta kalamu na daftari, nikamchorea tai, herufi na nakshi, nikamsihi afikiri sana.

"Ile ya bibi, shangazi, iliishia wapi?"

"Iliishia kwa sonara," akasema.