Tuisifu Ramu Mbovu

Watu wa Handeni na Korogwe husifu vinavyoonekana: mkonge uliojipanga mistari, maji ya Mto Pangani, mahindi ya mwaka ambao mvua imekubali. Sijasikia hata siku moja mtu akisimama kwenye shughuli kuisifu ramu mbovu. Dhuluma hiyo iishe leo.

Ramu ni kile kipande chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu, ambamo kompyuta hushikilia kazi inayoifanya wakati huo. Unachoandika, unachofungua, unachonakili, vyote hupita humo. Ikifa kabisa kompyuta haiwaki, na ubovu wa namna hiyo hauna ufundi wowote. Hata mtoto anauona. Ninayoisifu mimi ni ile iliyoharibika kidogo: kati ya mabilioni ya vijumba vyake, kimoja tu kimeng'ang'ania kusema moja hata kikiambiwa sifuri.

Tazama ukarimu wake. Katibu wa kamati ya harusi pale Chanika ameandika kwamba mjomba ameahidi 10,000. Ndani ya kompyuta, tarakimu 1 na 9 zinatofautiana kwa biti moja tu, yaani kijumba kimoja. Basi ramu, bila kuitisha kikao, inampandisha mjomba hadi 90,000. Biti ya nafasi hiyohiyo ndiyo inayotenganisha a na i, kwa hiyo bata wa karamu anaweza kugeuka bati. Wabelgiji waliuonja ukarimu huu tarehe 18 Mei 2003, pale mgombea mmoja wa Schaerbeek alipojikuta na kura 4,096 za ziada, hesabu isiyowezekana kabisa kwa orodha aliyokuwamo. Programu ilipekuliwa, kosa halikuonekana. Maelezo yaliyobaki ni kwamba biti moja ya kumbukumbu, ile ya kumi na tatu, ilijigeuza yenyewe. Na thamani ya nafasi hiyo ni 4,096 barabara. Mjomba ana nini cha kulalamika?

Lakini kipaji chake kikubwa ni upole. Kadi za harusi zimetengenezwa Handeni, zimenakiliwa kwenye flashi, zimepanda gari kilomita 65 hadi Korogwe kuchapishwa. Steshenari, faili linagoma kufunguka. Picha ya bibi harusi nayo inatoka nusu uso, nusu kijivu. Simu inapigwa Handeni. "Mbona kwangu linafunguka vizuri, dada?" Naye hasemi uongo. Faili lenyewe, lile lililokaa kwenye diski, ni zima. Nakala ndiyo iliyopita kwenye ramu ikachomolewa herufi njiani. Kabla ya magharibi flashi imetukanwa, virusi vimetukanwa, umeme umetukanwa (mtambo wa Hale, ulioko Korogwe hukohuko na ulioanza kufua umeme mwaka 1964, umebebeshwa dhambi nyingi zisizo zake), na hakosekani shangazi wa kusema kwamba huo ni mkono wa mtu. Ramu imekaa kimya ndani ya boksi lake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tena inalisha watu. Fundi anapiga Windows mpya, anapokea chake. Baada ya muda Windows inaharibika tena, maana nayo ilipitia ramu ileile wakati wa kuwekwa; anapiga tena, anapokea tena. Dawa ya virusi inanunuliwa, flashi mpya inanunuliwa, na mteja anaondoka akishukuru. Nioneshe bidhaa nyingine mjini inayomrudisha mteja kwa uaminifu namna hiyo.

Bahati mbaya wachonganishi wapo. Wao huchukua faili kubwa, kubwa kuliko ramu yenyewe ili kompyuta isijibu kwa kukumbuka ilichosoma punde, wakalipigia hesabu ya SHA-256, ambayo hutoa mstari wa herufi na tarakimu 64. Kisha wanapiga hesabu hiyo mara ya pili kwenye faili lilelile. Mistari ikitofautiana, basi mashine inasoma kitu kimoja na kukisimulia kwa namna mbili, na shahidi wa hivyo mahakamani hapokelewi. Ubovu ukikaa mahali palepale kila mara, mshukiwa ni diski. Ukihamahama, leo picha, kesho barua, macho yanageukia ramu, bila kuusahau waya wa diski na pawa saplai. Hapo ndipo wanapoleta Memtest86, programu aliyoianzisha Chris Brady mwaka 1994, inayofanya kazi kabla Windows haijaamka. Wanaiacha usiku kucha ikiandika na kusoma kila kijumba. Kosa moja jekundu linatosha. Wanachomoa vipande, wanapima kimoja kimoja, wanasugua meno kwa ufutio maana vumbi jekundu la Handeni nalo lina yake, wanahamisha tundu. Utesaji mtupu.

Richard Hamming alikuwa ameshatibua mambo mwaka 1950 alipochapisha njia ya mashine kugundua biti iliyogeuka na kuirudisha, na ramu za seva leo hufanya hivyo. Kompyuta nyingi za mezani, zikiwemo zile za mtumba tunazogombania, hazina kinga hiyo. Tuna bahati.

Nawe uliyeigundua yako, usikurupuke kunakili mafaili "kwa usalama" ukiwa bado kwenye mashine hiyohiyo. Utaongeza tu nakala mbovu. Zima, chomoa diski, kanakilie kwenye mashine nzima. Na wewe fundi, ukishaitoa ramu hiyo, tafadhali ivunje mbele ya mteja. Usiifute vumbi ukampigia bei mtu wa Mkata.