Ng'ambo Inaanzia Mutukula

Mwalimu wa Maruku, huku Bukoba, anayetafuta kazi katika shule ya kimataifa hakwami kwa kukosa elimu. Elimu anayo, na kwa kuwa ni Mhaya, majirani wote wameshaarifiwa kwamba anayo. Anakwama kwa sababu anaanza kutafuta mbali, tena kwa kunadi kitu ambacho wengine wamezaliwa nacho mdomoni. Anaandika kwenye CV kwamba anafundisha Kiingereza, anaituma Dubai, Doha na Shanghai usiku mmoja, kisha anaaga ukoo mzima kabla hajajibiwa. Huko China, kibali cha kufundisha Kiingereza kwa kawaida humwendea mwenye pasipoti ya nchi chache: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na wenzao, Afrika Kusini ikiwemo. Mwalimu wetu anaweza kuwa anaijua sarufi ya Kiingereza kuliko kijana wa Leeds anayepewa nafasi hiyo, kijana ambaye hana habari kwamba lugha yake ina sarufi. Haimsaidii kitu. Anayepokea maombi hatazami sarufi, anatazama jalada la pasipoti. Ninachosema mimi ni kwamba mwalimu huyu aache kunadi Kiingereza, anadi Kiswahili, na aanzie Mutukula, mpakani na Uganda.

Sisemi hivi kwa uzalendo. Mwanzoni mwa 2025 nafasi 14,648 za ualimu serikalini ziliombwa na watu zaidi ya laki mbili, kwa hiyo kukaa nyumbani nako kuna foleni yake. Wakati huohuo Kiswahili kimekuwa kikivuka mipaka bila kutuaga. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba kitakuwa somo la hiari shuleni. SADC ikakifanya lugha rasmi mwaka 2019. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likakubali kiwe lugha rasmi na kifundishwe kuanzia shule za msingi. Shule za kimataifa zinazofuata mitaala ya Cambridge na IB nazo zinaweza kuwatahini wanafunzi wao Kiswahili. Najua, kati ya azimio la mawaziri na mwalimu kushika chaki hupita miaka na semina nyingi. Lakini Kampala iko karibu na Maruku kuliko Dodoma, na ukishavuka Mutukula umeshakuwa mtaalamu kutoka nje, cheo ambacho Bukoba huwezi kukipata hata ukirudi na digrii tatu.

Hapa ndipo mtu wa Unguja anapocheka hadi kikombe cha kahawa kinamwagika. Mhaya afundishe Kiswahili? Yule ambaye r na l kwake hupokezana zamu? Ni pingamizi la haki, na nalijibu hivi. Kwanza, mmoja wa wasomi wakubwa wa fasihi ya Kiswahili, Profesa M. M. Mulokozi, ni Mhaya aliyeandika tasnifu yake ya udaktari juu ya tenzi za nanga za Wahaya. Pili, na hili ndilo zito zaidi, mtu aliyezaliwa na lugha hajui inauma wapi. Mzaliwa wa Unguja akiulizwa kwa nini tunasema hivi na si vile, atajibu kwamba ndivyo tunavyosema, na somo limekwisha. Mhaya alikikuta Kiswahili darasani, akachapwa nacho, anakumbuka kila shimo. Akikaa mbele ya watoto wa Mbarara, Uganda, ambao Kinyankole chao ni ndugu wa Kihaya, anaweza kuwaonyesha ngeli za Kiswahili kwa kuzilinganisha na ngeli walizolelewa nazo. Kuhusu r na l, wanafunzi wake Waganda nao wana mgogoro huohuo, hivyo watasameheana.

Mtasema walimu wa Kenya wametutangulia huko, ndiyo. Wamewahi kila mahali, na kama wangesubiriwa watoke kwanza hakuna ambaye angeajiriwa. Kinachomwangusha mtu wetu kabla hata ya kukutana nao ni jina lake. Cheti cha ubatizo kinasema Deusdedit, cha kumaliza shule kinasema Deusdedith, kitambulisho cha NIDA kinasema Deusdedity. Na babu, aliyekuwa Rwegasira, njiani amegeuka Lwegasira. Mwajiri anapokea maombi ya watu watatu wanaogombea digrii moja. Waliozunguka kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku wanapaswa kulielewa hili haraka: tangu mnyauko wa migomba uingie Kagera mwaka 2006, mwenye akili hachukui chipukizi bila kuuliza limetoka shamba gani. Shule nayo inauliza, na inataka jibu lenye muhuri. Hati ya kiapo kwa wakili, cheti cha polisi cha tabia njema na barua za wadhamini wanaopokea simu viwe tayari kabla ya kumwambia shangazi yeyote.

Usaili nao huja kwa video, na umeme huwa na maoni yake. Sehemu kubwa ya umeme wa Kagera kwa miaka mingi imetoka Masaka, Uganda. Umekuwa mgeni anayevuka Mutukula bila kibali cha kazi na kurudi kwao bila kuaga. Halafu kuna saa. Shule ikiandika 9:00, mtu wetu anavaa tai na kuketi saa tisa alasiri, wakati wenzake walimaliza saa tatu asubuhi. Akiomba Dubai ana hesabu mbili za kukosea, ya saa zetu na ya saa zao. Kampala saa ni ileile yetu, na Waganda katika lugha yao huhesabu kuanzia alfajiri kama sisi, kwa hiyo akichelewa saa sita kuna anayeweza kuelewa ilivyotokea.

Mtaniambia Dubai wanalipa zaidi. Wanalipa, sibishi. Ila shule nyingi za kimataifa hutaka miaka miwili ya uzoefu kwanza, na miaka hiyo inapatikana kwa urahisi zaidi mahali ambapo nauli ni ya basi. Isitoshe, aliyeko Dubai huombwa bati la nyumba nzima. Wa Kampala huulizwa tu atakuja lini. Senene hata hana haja ya kutumiwa, maana Masaka wanao wa kwao, ingawa simjui Mhaya atakayekiri kwamba wanafikia wa Bukoba.