Chevrolet ya 1957 Haijachoka, Imekosa Gia

Mxiuu! Kuna maneno ukiyasikia kijiweni, kahawa yenyewe inakukwama kooni. Kijana kashika simu, anaangalia video ya mafundi wa Marekani wanaotoa giaboksi ya zamani kwenye Chevrolet Bel Air ya 1957 na kuweka oto ya gia nne. Anatamka mbele ya watu wazima: "Hawa wameliua gari. Gari la kale haliguswi hata boliti." Na wenzake wawili watatu wanaitikia.

Wameliua? Mwanangu, hebu kaa tuzungumze.

Iliyotolewa pale inaitwa Powerglide. Chevrolet waliileta 1950, wakaendelea nayo mpaka 1973, na za kwenda mbele ni gia mbili tu. Mbili! Ya kwanza ya kuondokea. Ya pili ni moja kwa moja, injini ikizunguka mara moja na propela nayo mara moja, basi, hakuna nyingine juu yake. Ni chuma kigumu, na wanaoshindana mbio fupi za mstari mnyoofu wanaitafuta hadi leo. Siivunjii heshima. Nauliza tu: ilitengenezewa barabara ipi? Sheria ya kujenga zile barabara kuu za Marekani, za njia nyingi zisizo na makutano, Rais Eisenhower aliitia saini Juni 1956. Bel Air inatoka kiwandani, barabara ndiyo kwanza zinachongwa. Babu alikwenda nayo kazini na kanisani. Mjukuu anataka kuvuka nayo jimbo zima kwa siku moja, na malori yanampita.

Pigeni hesabu wenyewe. Chukua gari lenye difu ya 3.55 na tairi la kimo cha inchi 27. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gia ikiwa moja kwa moja, injini inazunguka kama mara 2,750 kwa dakika. Haipumui, kama mtu anayekimbia amefungwa kanga miguuni. Weka gia ya nne ya 0.70, yaani injini inazunguka 0.70 propela ikizunguka moja, mwendo ni uleule, injini inashuka hadi kama 1,920. Kelele inapungua, joto linapungua, mafuta yanapungua, na injini yenyewe inadumu. Hapo nani kaua gari?

Halafu msinisahaulishe jambo hili. Chevrolet wenyewe, miaka ile ya 1955 hadi 1957, walikuwa wanauza gia ya juu ya namna hiyo, ovadraivu, kiwandani! Mteja alilipia nyongeza akafungiwa kwenye giaboksi ya mkono ya gia tatu. Kilichokosekana ni ya oto tu. Kwa hiyo anayeweka ovadraivu kwenye Bel Air leo anampa mwenye oto kile ambacho jirani yake wa giaboksi ya mkono alishakipata zamani.

Ya oto ilikuja kwa shida. Mafuta yaliadimika 1973, Marekani ikatunga sheria ya matumizi ya mafuta 1975, viwanda vikabanwa. Ford wakatoa yao 1980. General Motors wakafuata na 200-4R mwaka 1981, kisha 700R4 kwenye magari ya 1982. Mafundi wa magari ya kale wanazitafuta hizi kwa sababu zinajiendesha bila kompyuta, na zinakwenda na injini ndogo ya V8 ambayo Chevrolet waliianza 1955. Na uzuri wake si juu peke yake. Gia ya kwanza ya Powerglide ile ni 1.82, ya 700R4 ni 3.06. Gari linaondoka kama limeamshwa.

Sasa ninaposonya mimi ni kwa kazi mbovu. Kwenye 700R4 kuna kebo inatoka kwenye kabureta kwenda giaboksi. Fundi asiyejua anaiona, anasema hii ni ya kurudisha gia ukikanyaga mafuta, anaifunga anavyojua. Hapana! Kebo ile ndiyo inayoiambia giaboksi isukume oili kwa nguvu kiasi gani kubana pleti za ndani. Ikilegea, nguvu ya oili inakuwa ndogo, pleti zinateleza, zinaungua. Giaboksi mpya, safari ya kwanza, inanuka. Na kabureta ya zamani mkono wake hauvuti kebo kwa kipimo kinachotakiwa, lazima uufungie kipande cha kuusahihisha, kisha upime kwa geji ya oili. Kwa geji, si kwa sikio! Mangapi yamesingiziwa giaboksi mbovu, na kosa ni la kebo.

Mengine ni jasho la kawaida. 700R4 ni ndefu kuliko Powerglide kwa kama inchi tatu, kwa hiyo propela inakatwa na kusawazishwa upya. Bel Air haikuwa na chuma cha kubebea giaboksi nyuma, mzigo ulishikiliwa kwenye kengele ya nyuma ya injini. Basi chuma hicho kiongezwe, na injini ipate mauntingi za ubavuni. Konveta, inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili, ifungwe waya ili ijifunge gari likishakolea mwendo, maana isipojifunga inateleza na kuchemsha oili. Umeme wa volti 12 upo, Chevrolet walihama volti 6 mwaka 1955. Ongeza rejeta ndogo ya oili. Na tafadhali, difu iache! Ukishaweka 0.70 juu ya difu ya 2.73, injini inaburuzwa chini ya mizunguko 1,500 kwa dakika kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, inatetemeka, halafu unalaumu ovadraivu.

Wanaocheka haya ya Marekani wakaangalie dashibodi zao. Nyie na Toyota zenu, taa ya O/D OFF, yaani ovadraivu imezimwa, inawaka kutoka Kimara mpaka Morogoro, mtu anasema gari linakula mafuta. Kitufe kile kina kazi mlimani, gia zisipandepande na kushuka. Barabara ikinyooka, kirudishe! Unalipia gia ya nne na huitumii, inaniuma.

Kijana akaniuliza, kwa adabu safari hii: "Sasa mzee, kama gari halijaguswa tangu kiwandani, na vyote vyake vimo?"

Hapo nakubaliana naye. Gari la namna hiyo liache lilivyo, wenye uchu wa barabara wakatafute jingine, yapo mengi yaliyokwishabadilishwa injini na rangi. Na hata kwenye hayo, usikate sakafu wala kuchomelea kinachoweza kufungwa kwa boliti.

"Na ile Powerglide?"

Nani kasema itupwe? Ioshwe, itiwe oili, matundu yote yazibwe vumbi lisiingie, ifungwe lebo yenye namba ya chasisi iliyotoka, iwekwe rafuni pamoja na propela yake na boliti zake kwenye kopo. Siku mwenye gari akitaka kuirudisha, fundi aikute kamili.