Shajara ya Chupa ya Barolo

Jumatatu. Chupa ya mvinyo imefika hapa Torino: Barolo ya Bartolo Mascarello, mavuno ya 2010. Mleta mizigo kaipandisha ngazi ikiwa kichwa chini. Mashapo yametibuka. Nimeisimamisha kabatini ili yatulie.

Jumanne. Shemeji, mgeni wetu kutoka Tanga, anauliza tunangoja nini. Nimemweleza kwamba Barolo haiuzwi kabla ya kutimiza miezi 38, na 18 kati ya hiyo ni ya ndani ya pipa. Siku chache zaidi haziudhuru.

Jumatano. Glasi zinanuka vanishi ya kabati jipya. Nimezisuuza kwa maji moto, bila sabuni. Mvinyo huu nusu yake ni harufu, na vanishi ingeimeza yote.

Alhamisi. Shemeji kaisogeza chupa akitafuta chumvi. Mashapo yametibuka tena.

Ijumaa. Jirani wa chini anakaanga samaki kwa kitunguu saumu. Tumeahirisha.

Jumamosi. Kizibuo kimevunjika, nusu ya kizibo imebaki shingoni. Tumeisukumia ndani kwa mpini wa mwiko, tukamimina polepole kwenye jagi la kioo kupitia kichujio cha chai.

“Shemeji, mbona mvinyo umechujuka hivi?” mgeni akaniuliza.

Haukuchujuka. Zabibu yake, Nebbiolo, haina rangi nzito. Ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, katikati ni wekundu wa komamanga na ukingoni ni rangi ya tofali. Nguvu yake iko mdomoni. Funda la kwanza lilikuwa na ukakasi wa kukausha ufizi, na uchachu wa kuuchangamsha ulimi. Shemeji akaweka glasi chini. Nikamwomba asubiri.

Baada ya saa mbili hivi jagini, harufu ilifunguka: waridi lililokauka, cheri, kisha lami. Kwa mavuno haya Mascarello walichanganya zabibu za mashamba manne, Cannubi, San Lorenzo na Rué ya kijiji cha Barolo, pamoja na Rocche ya La Morra, na huulaza mvinyo katika mapipa makubwa ya zamani, yasiyoutia ladha ya mbao. Wengi siku hizi huuza kila shamba kwa jina lake. Bartolo alikataa hadi alipofariki 2005, na bintiye Maria Teresa ameshikilia hapohapo. Kwa funda hili nawaunga mkono: hakuna ladha iliyoivuka nyingine.

Jumapili. Glasi moja ilibaki. Ukakasi umelainika, na waridi limezidi kuliko jana. Shemeji kaimaliza na nyama ya kuchemsha, anauliza bei. Nimemtajia. Kanyamaza, kisha akaomba kizibo.