Mizunguko Sita

Jumapili, 6 Julai. Bunda.
Leo nimezindua gari. Ni Subaru Impreza yenye tabo, mtumba wa Japani. Limeshamfurahisha mtu mmoja Japani, mmoja Dar es Salaam na mmoja Mwanza. Sasa ni zamu yangu. Uwanja wetu ni shimo la kifusi lililobaki baada ya barabara kukamilika: mduara wa kama mita 900, kona nne, changarawe tupu. Mwenye eneo anatoza shilingi 10,000 kwa gari na ana sharti moja: ng'ombe wakipita, mbio zinasimama. Nilimaliza mzunguko mmoja. Katika wa pili, ng'ombe wakapita. Nikiwa nawasubiri, gari likachemsha. Ng'ombe wakasimama, wakanitazama.

Jumatatu, 7 Julai. Musoma.
Fundi wa Nyasho amefungua boneti, akatazama kwa muda mrefu kama anayesoma barua ya msiba. "Mura, hili lina kiu tu," akasema. Akajaza maji. Nikalipa 5,000. Nimeandika kwenye daftari: tatizo limekwisha.

Jumapili, 13 Julai. Bunda.
Mizunguko miwili. Mwisho wa ule wa pili, pedali ya breki ilizama hadi sakafuni, laini kama ugali uliopungukiwa unga. Kilichonisimamisha ni tuta la kifusi. Kijana wa bodaboda aliuliza kama ile ndiyo staili ya kuegesha. Nikasema ndiyo.
Jioni nimesoma. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Ile ya DOT 3, ikiwa mpya, huchemka kwenye nyuzi 205. Ikishashiba unyevu, nyuzi 140 zinatosha. Yangu, kwa rangi yake, imekuwa ikishiba tangu Japani. Ikichemka hutoa mapovu. Oili haibonyei, povu hubonyea. Ndiyo maana mguu unafika mwisho na gari linaendelea na safari zake. Nimenunua DOT 4, pamoja na ufundi 20,000.

Jumanne, 15 Julai. Darasani.
Nimewafundisha kidato cha tatu jinsi kanieneo inavyopandisha kiwango cha kuchemka. Hapa Musoma, kando ya ziwa lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96. Ndani ya rejeta yenye mfuniko mzima ulioandikwa 1.1, maji hayohayo huvumilia hadi karibu nyuzi 120. Mwanafunzi wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mfuniko ukiwa mbovu?"
Nikamwambia ni swali zuri, tutalijibu kipindi kijacho.

Jumapili, 20 Julai. Kiabakari, kisha Butiama.
Sikufika uwanjani. Karibu na Kiabakari mshale wa joto ulipanda hadi mwisho ukakaa hukohuko. Moshi mweupe nyuma, mvuke mbele. Nikachomoa kijiti cha oili: chai ya maziwa.
Shemeji alikuja kutoka Butiama na trekta, tukavutwa kwa kamba. Watoto walikimbia sambamba nasi kwa muda, kisha wakachoka kutusubiri, wakatangulia.
Butiama mzee mmoja aliuliza huyu mgeni ni nani. Shemeji akajibu, "Ni Mwalimu."
"Huku Mwalimu ni mmoja," mzee akasema, "na amelala pale Mwitongo." Akalizunguka gari. Akaeleza kwamba mwaka 1967 huyo Mwalimu alitoka hapa Butiama kwa miguu hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Akaligonga bampa kwa fimbo, taratibu.
"Hakuchemsha."

Jumatano, 23 Julai. Musoma.
Gasketi imeungua. Injini za magari ya majirani zangu zina silinda hedi moja. Hii silinda zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo hedi ni mbili, gasketi ni mbili, na fundi ameamua kuishusha injini yote. Kushusha, kusawazisha hedi, gasketi, oili na kurudisha: 780,000.
Kisha akanionyesha mfuniko wa rejeta. Mpira umekakamaa na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Springi inabonyea kwa kidole kimoja. "Ugonjwa ulianzia hapa," akasema. Mpya ni 15,000.
Mama watoto aliuliza fundi anadai kiasi gani. Nikamtajia mfuniko.

Jumapili, 27 Julai. Nyumbani.
Injini iko chini gereji. Nimejiliwaza kwa historia. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1963 ilimalizwa na magari 7 tu; mwaka 1968 vilevile 7. Tena Impreza ilishinda mwaka 1997 na 2000. Nikamsimulia mama watoto.
"Hao walikuwa na mafundi wangapi?"
"Wengi."
"Na wewe?"
"Mmoja. Jumapili huwa kanisani."

Jumapili, 10 Agosti. Bunda.
Mfuniko mpya, oili mpya ya breki, chujio la hewa limekung'utwa. Vumbi lililotoka lingejaza kikombe. Mizunguko mitatu bila mvuke. Katika wa nne, kila nikikata kona, gurudumu la mbele likalia ka-ka-ka. Nikatoka uwanjani mwenyewe, mara ya kwanza bila kusaidiwa na kifusi. Buti la mpira kwenye kiungo cha ekseli limechanika, grisi imetoka, mchanga umeingia. Buti na grisi: 50,000. Fundi anasema nimewahi.
Kabla ya kuzima, niliiacha injini ingurume taratibu dakika mbili ili tabo ipoe. Ng'ombe wakadhani nawapisha, wakapita.

Jumatatu, 11 Agosti. Darasani.
Nimelijibu lile swali. Niliuweka mfuniko wa zamani mezani, kila mwanafunzi akaibonyeza springi. Yule wa dawati la nyuma akauliza, "Mwalimu, huu ulikuwa wa gari lako?"
Nikamwambia ni swali zuri.

Hesabu hadi leo, bila petroli. Viingilio mara tatu, maji, breki, injini, mfuniko, buti: shilingi 900,000. Mizunguko iliyokamilika: 6. Kila mzunguko umenigharimu 150,000, sawa na mifuniko kumi ya rejeta. Mfuniko hukaguliwa asubuhi, injini ikiwa baridi; kazi yenyewe haifiki dakika moja.